Kiinua Mgongo

Tucson, saa kumi na mbili asubuhi,
kabla ubavu wake haujawa wa kuunguza kiganja,
nabandua utando mweupe uliomfumba macho
miaka kumi na minane.
Unatoka vipande vipande, kama ngozi ya mtu aliyebabuka kwa jua.
Ndani ya tundu la hewa: kiota, manyoya mawili,
na nge mkavu, mkia bado kauinua,
bado yuko zamu.

Mimi ni Eulalia Quihuis, fundi wa nyaya.
Mama alichuma pamba huko Marana mpaka vidole vikakataa kukunjuka;
mimi nachuma shaba, futi kwa futi, kutoka tumboni mwa ndege za kivita.
Karatasi ya kazi, ukurasa wa kwanza, yasema: mfufue.
Ukurasa wa pili yasema kwa nini.

Injini ikakohoa. Ikatema vumbi la Arizona.
Ikakohoa tena, kisha ikanguruma
hata kahawa yangu ikafanya mawimbi kikombeni,
nami nikacheka peke yangu, kama mkunga.
Na nyuma yangu, kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli mbili,
kulikuwa na baruti yake yeye mwenyewe,
ya kumtia chini ya mbavu
asije siku moja akakataa amri.

Ustaafu wao ndio huu.
Hakuna saa ya dhahabu, hakuna hotuba.
Anavuliwa mzinga.
Anapakwa mkia rangi ya chungwa, vijana wamwone vizuri.
Anapewa sikio jipya la kumsikia mtu
aliyekaa mbali, kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu,
mkate wenye nyama ya bata mzinga ukimngoja pembeni.

Jumatano akaja Wendell Truax.
Jina lake lipo bado chini ya dirisha la rubani,
herufi tano, mbili zimeliwa na mchanga.
Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa alie.
Alimpapasa pua, akainusa mikono yake,
akauliza: "Kiti mmekiacha?"
Tumekiacha, nikamwambia. Siku za majaribio
mtu hupanda, akaweka mikono mapajani,
akatazama usukani ukijisogeza wenyewe.

"Nakijua kiti hicho," akasema.
Tangu macho yake yaingie ukungu, bintiye ndiye anayeendesha gari;
yeye hukaa kando
akikanyaga breki isiyokuwepo.

Sikumwambia nilichokiona kwenye ukingo wa chuma, kulia,
mahali ambapo goti la rubani huficha:
maandishi ya penseli, madogo, ya haraka,
*maziwa. betri. mpigie Nell.*
Nilikuwa na kitambaa mkononi, na dawa ya kusafishia.
Nilisafisha kila kitu kingine.

Wakampeleka Florida, wakamtoa juu ya Ghuba.
Watu hudhani ni siku moja tu, mlipuko mmoja, basi.
Sivyo. Kombora la kwanza lilipita mita mbili kutoka bawani,
halikuwa na kichwa, mashine zikahesabu: amekufa.
Naye akageuka, maiti kwa hesabu,
akatua, magurudumu mawili, kisha la tatu,
kwa adabu.
Hivyo mara tatu. Mara tatu wakamtia mafuta.

Ya nne ilikuwa na kichwa.

Ripoti ilifika Ijumaa, mstari mmoja,
nambari yake, na neno "imetimia."
Uwanjani wenzake walikuwa wamepangana, macho wamefumbwa,
na msimamizi akanionyesha kwa kidevu anayefuata.

Jioni nikapita dukani. Nikanunua maziwa.
Nyumbani maziwa yalikuwepo.
Nikakaa garini, injini nimezima,
mguu wa kulia umekanyaga breki.